Kivuko Si Televisheni

"Usiushike, baba. Uguse tu, kama unavyomgusa mtu aliyelala."

Binti aliichukua mikono ya nahodha akailaza juu ya usukani, kisha akaonyesha kisanduku alichokifunga ukutani. "Taa hii ya kijani maana yake kina umeme. Mimi nitakuwa gatini na rimoti. Nikikata kona, usukani unajizungusha wenyewe. Likitokea lolote nitakuita kwenye redio, hapo ndipo ushike kwelikweli."

"Kivuko si televisheni," alisema nahodha.

Binti alicheka, akamgusa bega, akashuka.

Gatini wakubwa wa kampuni walijipanga na miwani yao ya jua. Maneno yalikuwa yamekwisha: kivuko kikivuka mlango wa mto bila kuongozwa na nahodha, yeye atatia saini barua ya kustaafu. Miaka thelathini na mmoja alivusha watu hapo. Na aliyemletea haya ni mwanawe wa kumzaa, ambaye yeye mwenyewe alimsomesha ufundi wa redio kwa jasho la usukani huohuo. Hata kumnunia hakuweza.

Injini ikaunguruma. Mwendo uliachwa kwa fundi wa injini kule chini, abiria hawakuwapo. Walipoacha gati tu, redio ya mkononi ikakoroma kifuani pake: "Baba, ngo..." Nahodha akaizima. Kufundishwa njia na mtu ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kutembea, hilo lilimzidi.

Akabaki kungoja, na kungoja kukamtesa. Aliegemea mguu huu, akaegemea ule. Pua ilimwasha asithubutu kujikuna. Usukani ukasogea kushoto chini ya viganja vyake, taratibu, na boya la kwanza likapita ubavuni palepale alipopenda lipite.

"Bahati," alinong'ona.

Likaja fungu la mchanga. Usukani ukatulia. Amechelewa, aliwaza, mtoto huyu amechelewa, atatupandisha mchangani. Ndipo ukazunguka, sekunde ileile ambayo yeye angeuzungusha.

Katikati ya mlango, tishari lililosheheni mawe likawakatia njia. Fundi wa injini akachungulia kutoka ngazini.

"Mzee, hilo unaliona?"

"Naliona. Leo si kazi yangu."

Alisema hivyo meno yamebana. Usukani ukaenda kulia nusu mzunguko, ukarudi. Kivuko kikapita nyuma ya tishari, kikauacha mkondo ukisukume, kikanyooka bila kutetereka. Ujanja ule wa mkondo hakuwahi kumfundisha mtu. Lakini binti alikulia mlemle katika chumba cha usukani, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akitazama. Kumbe hakuwa akicheza.

Kinyongo kikamtoka nahodha, ikaingia fahari, nayo ikamuuma kuliko kinyongo.

Gati la ng'ambo likawapokea polepole. Fundi akatoka kufunga kamba. Nahodha akaketi, akaiwasha redio.

"Mwanangu, nimekubali. Mshindwa hana aibu akishindwa na damu yake. Hata mimi nisingekivusha vizuri hivyo. Waambie wakubwa waiandae barua, natia saini leo."

Ikaja sauti ya binti, imekauka kama ya mtu aliyepiga kelele muda mrefu.

"Barua ya nini, baba? Rimoti ilipoteza mawimbi kabla hujafika boya la kwanza. Nusu saa nzima tunakuita hupokei, na wakubwa wamevua miwani, wanauliza unakiendeshaje."