Nyongeza ya Bibi Sekelaga

Bibi Sekelaga ana miaka tisa kaburini na bado anauza maharage. Ndiyo sheria ya gulio la Alhamisi hapa Mbeya: mwenye meza akifa, sauti na akili yake hutiwa kwenye mashine ya kupimia na kumimina bidhaa, la sivyo familia inanyang'anywa nafasi. Kila wiki Mama hununua kwa mama yake. Tumekula maharage mpaka paka amehamia kwa jirani.

“Niongeze basi, Mama,” humwomba Bibi.

“Nyongeza ni ya wateja, Tumpale. Wewe mwanangu nikuongeze nini?”

Mama hurudi akicheka peke yake.

Alhamisi iliyopita hakuomba. Bibi alimmiminia kopo zima. “Nyongeza yako hiyo, mteja wangu. Karibu tena.”

Maharage hayo yako juu ya kabati. Mama hayapiki, wala hataki tuyaguse.