Bango la Mlangoni

Harlan alilipita bango la BASTOLA MARUFUKU kana kwamba limeandikiwa watu wengine. Yake alikuwa ameichomeka kiunoni, upande wa mgongoni, chini ya shati.

Mtalaka wake, mwenye mgahawa, alimkumbatia kila mteja aliyeingia. Ndivyo watu wa Texas walivyo. Lakini leo alimkumbatia pia yule mkata nyama wake mpya, na huyo wala si mteja. Wivu ulimshika Harlan.

Zamu yake ikafika. Mkono wa mwanamke ulishuka mgongoni mwake, ukagota kwenye chuma, ukatulia hapo hapo. Tabasamu lake halikufutika.

"Bango hukuliona?" alimnong'oneza.

"Nimeliona. Na yule je, ulimpapasa hivi hivi?"

"Yule hana cha kuficha. Kaiache garini, kipenzi, uje ule."

Kipenzi! Mwaka mzima hajaitwa hivyo. Harlan akatoka mbio, akafungua mlango wa pikapu, akaichomoa bastola.

Nyuma yake kitasa cha mgahawa kikalia.

Aligeuka. Nyuma ya kioo cha mlango, mtalaka wake alikuwa akigeuza kibao upande wa TUMEFUNGA, na mkata nyama amemshika bega. Ndani, watu walikuwa bado wanakula.

Bastola ilikuwa bado mkononi.