Aliyekuwa Nyuma ya Absalom

Zikiwa zimebaki kilomita tano, Absalom aligeuza shingo kutazama nyuma, akatabasamu. Yule mwenye fulana ya kijani bado alikuwepo, hatua kama hamsini hivi nyuma yake.

"Jikaze, ndugu yangu!" alimwitia. "Tumekaribia!"

"Nakuja, mzee wangu!" yule akajibu. "Wewe tangulia tu."

Maneno hayo yalimpa Absalom nguvu kuliko maji. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, magoti yanamuwaka moto, na alitaka jambo moja tu duniani: asiwe wa mwisho.

Mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya siku hiyo, alikuwa amechelewa kazini, akaikimbilia feri ya Likoni. Hatua thelathini tu, pumzi ikamkatika, akaketi chini kando ya njia. Mama muuza viazi karai alimletea maji, akamwuliza kwa huruma, "Baba, tumpigie nani?"

Aibu ile haikumtoka. Huyu ndiye Absalom aliyekuwa akiiletea shule yake vikombe vya mbio! Lakini miaka ishirini na miwili ya kukaa ndani ya kreni bandarini ilikuwa imemjengea tumbo lililotangulia kufika kila alikokwenda.

Alipotangaza kwamba ataingia mashindano ya michezo mitatu, yaani kuogelea karibu kilomita mbili, baiskeli kilomita tisini, kisha mbio za kilomita ishirini na moja, yote kwa siku moja, shifti nzima iliangua kicheko.

"Buda, utakuwa wa mwisho," alisema Kimani, mwenzake wa kreni. "Hata jua litatangulia kufika."

"Haki ya Mungu, wa mwisho hatakuwa mimi," Absalom akaapa.

Akaanza. Kila alfajiri alitoka kwake Bofu akikimbia hadi Mtongwe. Mwezi wa kwanza alirudi akitembea, wa pili akichechemea, wa tatu akarudi akikimbia. Baiskeli ilimkatikia mnyororo siku ya kwanza tu kwenye barabara ya Ukunda, akaletwa nyumbani kwa tuktuk, yeye na baiskeli yake. Vijana wa bodaboda wakambandika jina la Feri. "Yaenda polepole," walisema, "lakini yavuka."

Bahari ndiyo iliyomtesa zaidi. Mkewe, Rosalia, alisimama ufukweni na leso mabegani, akimhesabia mizunguko. "Baba Fancy, geuka!" alipiga kelele kila alipomwona anapotea. "Huko waenda Pemba!"

Alimeza maji ya chumvi ya kutosha kupikia wali wa arusi. Lakini tumbo likapungua, na Rosalia akazipunguza suruali zake mara mbili.

Siku yenyewe, alitoka majini salama, ingawa wengi walikuwa wameshapanda baiskeli. Kwenye baiskeli wakazidi kumwacha. Alipoanza mbio za mguu alitazama nyuma: hakuna mtu. Sauti ya Kimani ikamjia masikioni.

Ndipo, kwenye kilomita ya tatu, aliposikia vishindo vya miguu. Akageuka. Mwanamume wa miaka thelathini na ushei, fulana ya kijani, alikuwa anamfuata taratibu. Absalom nusura amkumbatie.

"Waitwaje, ndugu?"

"Mwarandu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni mara yako ya kwanza?"

"La, mwaka wa nne huu."

"Na huwa wa ngapi?"

Mwarandu akacheka. "Wa mwisho. Kila mwaka mimi ndiye hufika wa mwisho."

Miaka minne! Absalom alimhurumia, akaamua kumtia moyo. Alipopunguza mwendo, Mwarandu naye alipunguza. Alipotembea, naye alitembea. Walipofika kwenye meza ya maji, wasichana walianza kuikunja mara tu Absalom alipochukua gilasi yake.

"Acheni!" akawagombeza. "Mwenzangu hajanywa!"

Msichana mmoja alimtazama Mwarandu, akaziba mdomo asicheke. Absalom akamtolea macho. Vijana wa siku hizi hawana adabu kabisa, aliwaza, akampelekea mwenzake gilasi kwa mkono wake mwenyewe.

Ilipobaki nusu kilomita, alianza kuwasikia watu wakishangilia. Pale mwisho aliwaona Rosalia na Kimani na nusu ya shifti yao. Mita mia tano tu, na kiapo chake kimetimia. Lakini miguu ikagoma. Alisimama, akamngoja Mwarandu.

"Njoo," alimwambia, akinyoosha mkono. "Tushikane, tuingie pamoja. Mwaka huu asiwepo wa mwisho."

Mwarandu aliushika mkono ule, kisha akauachia. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Mungu akubariki, mzee wangu. Miaka yote minne hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Lakini siwezi kuingia kabla yako, wala pamoja nawe. Tangulia."

Absalom akaona ni heshima ya mtu aliyelelewa vyema. Akageuka, akakimbia kama alivyokimbia shuleni, mikono juu. Rosalia alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Kimani alimbeba juu juu huku akilia, na medali ikavishwa shingoni mwake.

"Si nilikwambia?" Absalom alihema. "Wa mwisho hatakuwa mimi! Lakini yuko mwenzangu anakuja. Nawaomba, mpigieni makofi kuliko mimi."

Umati wote ukapiga makofi. Mwarandu alifika akitabasamu, akamkumbatia Absalom kwa nguvu, kisha akainua fulana yake, akachomoa kiunoni redio ya mawasiliano ya wasimamizi.

"Wa mwisho ameshafika," alisema. "Fungueni barabara."