Vipimo vya Gauni

Miaka miwili fundi cherehani hakumtia machoni binti yake. Leo binti kasimama mbele yake na kitambaa cheupe cha gauni la harusi.

"Nipime, baba."

Fundi akachukua futi. Alipoifikisha begani kwa binti, vidole vilishtuka, vikajikunja vyenyewe kama vimepigwa shoti. Futi ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Taya nalo likaanza kumcheza.

Vidonge vya kukesha alivianza ili amalize kazi za watu. Vikamfukuzia mke na mtoto. Muda wote huo alitamani kuitwa baba, hata mara moja tu. Sasa ameitwa, na mkono haumtii.

"Ni baridi, eti?" binti akauliza kwa upole.

Angeitikia tu, yangeisha.

"Siyo baridi, mama. Nimemeza vidonge asubuhi hii."

Binti akakiweka kitambaa mezani. Akaushika ule mkono unaoruka kwa mikono yake yote miwili.

"Harusi bado miezi mitano," akasema. "Funga duka, twende hospitali."

Fundi akapapasa funguo kwa mkono mmoja, maana ule mwingine hakutaka kuuchomoa.