Jezi ya Beki wa Kushoto

Kama kawaida yake kabla ya msimu, kocha Ngonyani alitandaza jezi uwanjani, kila moja kwenye nafasi yake, na wachezaji wakasimama nyuma ya jezi zao. Viungo walikuwa watano. Kwa beki wa kushoto palikuwa na nyasi tupu.

Sekiete, aliyepasuliwa goti, alikuja kurudisha jezi yake, ameipiga pasi.

"Babu, umekuja kutuaga?" kiungo mmoja alimtania.

"Ndiyo, mjukuu."

Aliitandaza penye pengo, akageuka aondoke.

"Beki mwingine wa kushoto sina," alisema kocha. "Nusu saa utaiweza?"

"Hata dakika arobaini, Kocha."

"Nimesema nusu saa. Simama hapo."

"Ahsante."

Upepo uliinua mkono wa jezi. Sekiete aliinama polepole, akaushika.