Tunda la Chuo

Wageni wa ng'ambo waliofadhili chuo cha ufundi waliletwa kwenye duka la ushonaji la Mishi. Mkuu wa chuo, Bwana Kiluwa, akawaambia kwa majivuno, "Huyu ni tunda letu."

Mishi akasimamisha cherehani. Siku hii alikuwa ameiombea.

"Mwanangu, mkuu huyu alikufundisha nini?" aliuliza mgeni mmoja, mama wa makamo aliyejua Kiswahili.

"Hakunifundisha kitu, mama. Nafasi ya masomo mliyonipa alimpa mpwa wake, mimi akanifukuza getini kama mwizi. Kushona nilifundishwa na shangazi."

Kiluwa akacheka, akajikuta anacheka peke yake. Mishi alimkazia macho, moyo wake ukiburudika.

"Hebu nisimulie tangu mwanzo," alisema yule mama, akavuta kigoda, akaketi akimpa mkuu kisogo.