Magurudumu ya Lemburis

Katika karakana ya Bwana Hempel, karibu na Boma la Arusha, fundi aliyelipwa vizuri kuliko wote ndiye aliyeharibu kazi kuliko wote. Jina lake Lemburis. Naftali, mwenzake, alikuwa fundi hasa, na zizini kwake alikuwa na mbuzi mmoja tu, tena mwenye kikohozi.

Mambo yalikuwa hivi. Bwana Hempel aliwauzia Makaburu na walowezi wengine magari ya kukokotwa na ng'ombe. Kila mnunuzi alipewa ahadi: gari likimletea taabu ndani ya miezi mitatu, alirudishe papo hapo karakanani, atatengenezewa bure. Halafu Bwana akageuka upande wa mafundi. Gari likienda lisirudi, fundi aliyelikazia magurudumu anapata mbuzi. Likirudi, hapati hata mkia.

Jua hukausha mti wa gurudumu, mti ukinywea, pete ya chuma inayolizunguka inalegea. Naftali aliivua pete hiyo, akaikata, akaiunga upya, akaichoma kwenye moto wa mavi makavu ya ng'ombe mpaka ikawa nyekundu, ndipo akaivisha gurudumu na kuimwagia maji. Chuma kiling'ata mti kisiachie tena. Gurudumu moja lilimlia nusu siku.

Lemburis hakuwa na haja ya moto. Alilivingirisha gurudumu mpaka mferejini, akalilaza majini, naye akalala pembeni. Asubuhi mti umevimba, pete imekaza, na ukiligonga linalia vilevile kama la Naftali.

"Na likikauka?" Naftali alimuuliza siku moja.

"Likikauka litakuwa mbali," alisema Lemburis.

Na kweli, magari yake hayakurudi. Ya Naftali yalirudi yote, tena mazima. Makaburu walimpenda. Walirudi kuomba mafuta ya ekseli, walirudi awatazamie ng'ombe anayechechemea, walirudi kumsalimia tu. Bibi mmoja wa Kikaburu alitoka shambani kwake na gari lisilo na kasoro yoyote ili amletee mkate wa shukrani. Bwana Hempel aliliona likiingia getini, akaandika kwamba limerudi, na mbuzi wa Naftali akaota mbawa.

Hilo lilimuuma, kwa sababu Mzee Anaeli, baba yake Tabea, alitaka mbuzi sita kabla ya Pasaka. Wasipofika, Tabea angeolewa na katekista mmoja wa misheni, mtu mwenye koti na mbuzi ishirini. Naftali alimpenda Tabea mpaka anasahau nyundo mkononi.

Jumatatu moja uvumilivu ukamwishia. Aliingia ofisini, akavua kofia, akamweleza Bwana habari zote za mfereji. Bwana Hempel alimsikiliza kwa utulivu huku akivuta kiko chake. Hakuonyesha kushangaa. Aliuliza tu magari ya Lemburis yamerudi mangapi. Hakuna. Na ya Naftali? Yote.

"Basi kusanya vyombo vyako," Bwana alisema. "Hapa hukai tena."

Naftali alitamani kumshushia nyundo ya utosi. Akaondoka nayo, maana ilikuwa yake.

Kwao, juu ya Tengeru, alinuna siku tatu. Mama yake alimpikia machalari ya ndizi na nyama, akayaangalia tu. Alhamisi Tabea alikuja mwenyewe, akamkuta amejikunyata nyuma ya nyumba. Hakumbembeleza. Alimwambia kwamba kule Maji ya Chai, kwenye kivuko cha mto, kumefunguliwa karakana mpya na wanatafuta fundi, na kwamba yeye hana nia ya kupikia koti maisha yake yote. Naftali alinyanyuka na nyundo yake siku ileile.

Alichokikuta ukingoni mwa mto kilimfanya acheke mpaka akakaa chini. Magari saba yalikuwa yameinama ovyo, na mengine matatu yalikuwa yamekwama katikati ya yale maji ya rangi ya chai. Kila gurudumu alilolishika alilijua lilikolala. Nyapara wa pale, Mchaga aitwaye Dismasi, alimweleza kwamba magari hutoka Arusha yakiwa imara, yakapigwa na jua siku mbili, na yakiteremka kivukoni pete zinachomoka zenyewe. Kurudi mjini kwa magurudumu matatu haiwezekani. Kwa hiyo wenyewe hutukana kwanza, kisha hulipa chochote wanachotajiwa.

Malipo ya fundi hapo yalikuwa mbuzi mmoja kwa kila magari mawili, yarudi yasirudi. Naftali alisema huyu tajiri, yeyote awaye, ni mtu mwenye akili. Akawasha moto wake wa mavi ya ng'ombe na kufanya kazi kama mtu anayelipiza kisasi. Kila pete ilipong'ata mti alimfikiria Bwana Hempel, mjinga yule, anayemlisha mpinzani wake bila kujua. Usiku alimwombea Lemburis afya njema.

Jumamosi mchana mbuzi wa kwanza alikuwa amefungwa mtini, na Pasaka ilikuwa bado mwezi mzima. Naftali aliona harusi yake waziwazi, mpaka sufuria. Dismasi akaja mbio kumwambia anawe mikono, mwenye karakana anafika kukagua. Naftali alinawa mpaka viwikoni. Alikuwa ameshapanga maneno: kwanza shukrani, kisha siri zote za yule mzee wa Arusha.

Farasi alivuka mto taratibu, na Dismasi akakimbia kumshikia hatamu. Bwana Hempel akashuka, akahesabu magari yaliyoinama, akamgeukia Naftali amekunja uso.

"Nimekufukuza tangu Jumatatu," alisema. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"